Buti Zilizochukuliwa Msibani

Pasipoti nilipata. Kadi ya njano ya chanjo nilipata, nikachomwa sindano mkono ukavimba siku mbili, nikafurahi hata huo uvimbe kwa sababu ulikuwa uvimbe wa kwenda nje ya nchi. Kitu kilichonitesa mwaka mzima ni buti.

Kazi yangu ni kusafisha viatu vya mitumba. Robota likifunguliwa pale sokoni Kashaulili, bosi wangu anachagua vizuri anavipanga mezani, vile vichafu vinakuja kwangu na beseni, sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Nimeishika miguu ya watu wa nchi nyingi bila kuwaona sura. Najua huyu alikuwa akikanyagia nje, huyu kidole gumba kilitaka kutoka, huyu alivaa mara moja akachoka navyo. Nikiwa nasugua nilikuwa najiuliza: hivi kiatu kimetembea kote huko mpaka kikafika Mpanda, mimi mwenye miguu sijavuka hata Uvinza, hapo njiani kuelekea Kigoma?

Ndipo nikaingia kwenye kundi moja la simu, la vijana wanaopenda kutembea. Tulikuwa watano, mmoja wa Sumbawanga, wawili wa Tabora, mimi, na kiongozi wetu, dada wa Kigoma ambaye alishawahi kwenda na kurudi. Mpango ulikuwa kukutana Kigoma, tuingie Burundi, tupite Rwanda, tumalizie Uganda. Miezi mitatu, mara kwa miguu, mara kwa lifti, kulala kwenye mahema na kwenye viwanja vya parokia. Dada wa Kigoma alituma orodha ya vitu, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: ASIYE NA BUTI ZA KUSHIKA KIFUNDO HAVUKI NA SISI. RABA HAPANA. Mwaka uliopita mmoja wa wenzake wa safari aliteleza na raba kwenye matope, kifundo kikageuka, safari nzima ikarudi nyumbani.

Basi. Buti za mlima zinakuja kwenye robota, lakini hao wapanda milima wana miguu kama mitumbwi. Arobaini na tatu, arobaini na nne. Mimi navaa thelathini na saba. Nilisugua buti za wengine miezi kumi na moja ndipo zikaja zangu: za kahawia, kamba nyekundu, soli ina meno kama ya trekta, na kisigino bado hakijaliwa. Niliingiza mguu hapohapo nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Ukaingia, ukatulia. Bosi akaniangalia akasema, "Hizo usizirudishe mezani. Umezisubiri kuliko mchumba."

Vitu vingine nilivitafuta kwa akili ya nyumbani. Orodha ilisema mfuko wa kulalia wa baridi. Mimi nilichukua koti la theluji lililochanika, nikalifumua, nikashonea ule usufi wake ndani ya blanketi, nikaweka zipu ya gauni. Hema nilipata moja lisilo na vijiti, nikaweka vya mwanzi. Begi la mgongoni lilikuwa la buluu, mkanda wa kiunoni ulikatika, nikaweka mkanda wa suruali ya baba. Kila nikimaliza kupanga, mama anaongeza. Natoka kidogo, nikirudi nakuta chumvi robo, dagaa, chupa ya asali, vitunguu.

"Mama, kule wanakula."

"Wanakula vya kwao. Wewe utakula nini?"

Nilibeba begi mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikalipima kwenye mizani ya mahindi. Kilo kumi na tisa. Orodha ilisema kumi na mbili. Jamaa wa mashine, mweupe pee kwa unga, akasema, "Dada, punguza mama." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mimi hilo ndilo tatizo langu, kucheka. Nilicheka hata darasani, ndiyo maana kidato cha pili kilinitosha.

Nilipunguza. Nikabaki na sufuria moja yenye mfuniko, kijiko, koti la mvua, kanga mbili, tochi ya kuchaji, sindano na uzi, chandarua, sabuni ya mche nusu, kopo la dawa ya kusafishia maji. Asali niliiacha, kuna mtu analia kwa ajili ya asali, na mtu huyo ni mimi. Begi likasimama chumbani limefungwa, buti zimening'inia kwa kamba zake ubavuni. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Hapo akafariki baba mkubwa.

Msiba ulikuwa kwetu, Misunkumilo. Uwanja ulijaa watu, kina mama ndani, wanaume kwenye magogo nje, na watani wakawa wameshafika. Kwetu watoto wa shangazi ni watani wetu wa damu. Wakija msibani kazi yao ni kuvuruga: watavaa nguo za marehemu, watakalia mlango, watachukua kitu chako na kukizungusha. Sheria ya ukoo wetu ni ndogo lakini ngumu. Mtani akichukua kitu chako msibani, wewe kaza uso. Ukikaza mpaka achoke, anakirudisha. Ukicheka, umekitoa, ni chake, na hakidaiwi. Ukikasirika ndiyo mbaya zaidi, unapigwa faini ya kuku na unaitwa mwenye roho ya kisu. Njia ya kulipiza ni moja tu: subiri siku yake kubwa, uchukue chake, umchekeshe.

Sheria hiyo naijua tangu nanyonya. Na bado.

Mtoto wa shangazi yangu, huyo ambaye mpaka leo naandika hapa sijamsamehe, analima na mama yake Kasekese, ambaye siku zile alikuwa kitandani na malaria, hakuja msibani. Ni mkubwa kwangu miaka minne, mrefu, mdomo kama redio. Siku ya pili ya msiba aliingia chumbani kwangu, akatoka amevaa begi langu mgongoni, koti la mvua, buti amezivisha mikononi kama glovu, na sufuria yangu kichwani. Akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wa askari.

"Jamani naulizia, Ulaya ni huku au nimepita?"

Akapiga magoti mbele ya bibi mmoja asiye na meno, akamnyooshea buti. "Mheshimiwa uhamiaji, naomba mhuri."

Bibi akaitemea mate ile buti. "Pita."

Mimi nimekaza uso. Nimeuma shavu kwa ndani mpaka nasikia chumvi ya damu. Akaja akasimama mbele yangu, machozi ya uongo yanamtoka kama mume anayeaga, maana kwetu binamu wa namna hiyo anakuita mke.

"Mke wangu, nakuaga. Ukiona miezi mitatu imepita sijarudi, usiolewe. Ujue nimekwama Uvinza nasubiri lifti."

Nilicheka. Yaani sikucheka kidogo, nilicheka kwa sauti, wakati baba mkubwa wangu yuko ndani kwenye jeneza.

"Kacheka! Nyie mmeona? Kacheka!"

Na kina mama wote, mama yangu mwenyewe yumo, wakaitikia, "Ametoa!"

Nilidhani atachezea mpaka mazishi yaishe, ataniachia, kama watu wenye huruma wanavyofanya. Siku ya kuondoka alipakia begi kwenye pikipiki, sufuria inalia nyuma, akanipungia mkono. Nikamkimbilia mpaka barabarani.

"Binamu, chukua vyote. Buti niachie. Bila buti sivuki."

"Si ulicheka?"

"Nilicheka ndiyo, lakini..."

"Unataka kukasirika, mke wangu? Sema, nimwambie baba yako atafute kuku."

Akawasha pikipiki. Vumbi nilikula mimi.

Watu wananiita mchangamfu, na ni kweli. Lakini wiki ile nilisugua viatu pale sokoni mpaka bosi akaniambia nitatoboa ngozi. Nilikuwa nawaza adhabu. Nilimwona ameota majipu. Nilimwona anatumbukia kwenye majaruba ya mpunga na simu yake. Mtu mwenye moyo laini akichukia, anachukia vibaya, kwa sababu hana mazoezi.

Nikaenda Kasekese. Nilisema moyoni, shangazi atanisaidia, ni damu ya baba yangu. Nikamkuta shambani anapalilia mahindi, kainama, jembe linapanda linashuka, na miguuni kwake kuna kamba nyekundu.

Shangazi ndiye mtu ambaye mimi simwangalii machoni nikiongea. Kwetu dada wa baba ni baba mwenyewe aliyevaa kitenge. Hakuna utani hapo. Aliponiona alitupa jembe.

"Mwanangu! Mungu akubariki, mwanangu." Akainua mguu mmoja anionyeshe. "Mwenzio aliniambia umesema, mpelekee shangazi, anateseka na visiki. Nimelia. Watoto wangu niliozaa hawajawahi kuniangalia miguu."

Kisigino chake nilikijua. Kilikuwa na mipasuko ya kuingiza shilingi, na mwaka juzi kisiki kilimchoma unyayoni akalala wiki mbili. Mdomo wangu ukafunguka, ukatoka sauti nyingine kabisa:

"Zinakutosha, shangazi?"

"Zilinibana mwanzo. Sasa zimeachia, zimekuwa zangu."

Nilipalilia naye mistari mitatu. Binamu alikuwa amekaa kivulini anatengeneza tairi, begi langu amelijaza spana. Nilimfuata.

"Umemwambia mama yako mimi nimempa?"

"Sasa ulitaka nimwambie nini, kwamba nimemnyang'anya mtoto wa kaka yake?" Akapunguza sauti. "Kamwambie basi avue. Yuko pale. Nenda."

Alijua siwezi. Hapo ndipo kosa lake lilipotoka kwenye utani. Begi lilikuwa utani. Sufuria ilikuwa utani. Lakini kunifunga mdomo kwa miguu ya shangazi, hilo halikuwa na jina kwenye sheria zetu. Nilirudi Mpanda nikijua siku yake kubwa ni lini, kwa sababu alikuwa anaitangaza mwenyewe kila mahali: Jumamosi ile, wiki moja kabla ya safari yangu, alikuwa anapeleka mahari kwa binti wa hapa mjini. Na kikao cha upande wa mwanamume kinaanzia kwetu, nyumbani kwa mjomba wake, ambaye ni baba yangu.

Walifika Ijumaa mchana, yeye, shangazi na mbuzi wa mahari. Nguo zake za posa zilikuwa ndani ya begi langu la buluu. Suti, shati, tai, na viatu vipya vyeusi vyenye ncha, vimefungwa kwa gazeti. Aliliweka begi mbele ya macho yangu, akalipigapiga.

"Begi zuri hili, mke wangu. Linabeba."

Jumamosi asubuhi, watu wamejaa uwanjani, wazee wamevaa makoti, nikalichukua begi nikalikalia. Watu wakajua mara moja. Wakajipanga kuangalia. Binamu, aliyekuwa na bukta na jezi, alikuja mbio, kisha akakumbuka, akakaza uso.

Alikuwa amejiandaa, mwizi yule. Akakata kipande cha muwa akajaza mdomoni, anatafuna huku ananitazama. Nilijaribu kulia kama bibi harusi aliyeachwa. Anatafuna. Niliimba. Anatafuna. Wengine mbavu zinawauma kwa kucheka, yeye kama ukuta. Saa ya kuondoka ilikuwa inakaribia na baba akaanza kuangalia simu yake.

Ndipo nikamwacha. Nikaondoka kwa heshima, nikaenda kwenye mpapai alipofungwa mbuzi wa mahari, nikapiga magoti mbele ya mbuzi. Nikakohoa. Jana yake jioni, kabla jua halijazama, nilikuwa nimemsikia binamu nyuma ya choo anajifunza hotuba yake kwa sauti ya mtangazaji, na kila akifika mahali fulani anakwama. Nikaitoa vilevile alivyoitoa.

"Waheshimiwa wakwe. Mimi ni kijana, kijana mwenye, kijana mwenye malengo. Nimekuja kuomba, kuomba... nimekuja kuomba... Ah! Nimekuja kuomba nini?"

Mbuzi akaniangalia, akasema, "Meee."

"Asante mama mkwe," nikasema.

Muwa ulimtoka puani. Aliinama, akashika magoti, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na jezi yake, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa sauti moja: "Ametoa!"

Mimi sikucheka. Ni mara ya kwanza maishani mwangu watu wote wanacheka mimi sicheki. Nilirudi nikalikalia begi.

"Haya binamu, rudisha suti," akasema, anafuta machozi. "Tunachelewa."

"Si umecheka?"

"Unataka nini? Begi chukua. Sufuria nitakuletea, hema nitakuletea."

"Nataka useme. Hapa, mbele ya watu. Buti alizovaa shangazi zimetoka wapi?"

Kicheko kilimwisha usoni. Aliniangalia kama mtu aliyeona siafu wameingia ndani. "Binamu," akanong'ona, "hilo hapana. Omba kingine. Omba pikipiki."

Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Lakini nilikumbuka vumbi, na "kamwambie basi avue", nikaimeza. Baba hawezi kuingilia utani. Wazee wanaangalia saa. Kwa wakwe tayari wameshapiga simu mara mbili.

Akasema. Alisema akiangalia chini, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa hauna redio. "Nilizichukua msibani. Za safari yake. Hakumpa mama. Nilimdanganya mama."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, kitenge kipya, na buti amezipaka mafuta ya kula zing'ae, kamba nyekundu amezifunga vifundo viwili viwili. Akainama, akaanza kufungua. Vifundo vilikuwa vigumu, na vidole vyake vya jembe vilichukua muda, na sisi wote tulisimama tukiangalia. Mama alikimbia ndani akarudi na kandambili zake. Shangazi akazivaa, akazishika buti kwa kamba, akanipa mkononi.

"Ulikuja shambani," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Ukapalilia na mimi. Ungeniambia pale, tukiwa wawili."

"Niliona haya, shangazi."

"Na leo hiyo haya imeenda wapi?"

Jibu nimelitafuta kwenye mabasi, sijalipata. Nilitaka yeye binamu aaibike, na aliaibika, lakini aliyevua viatu mbele ya watu ni mama yake.

Ungefikiri nilizirudisha. Sikuzirudisha. Nilisimama nazo nimezikumbatia, zinanukia mafuta, na nilichofanya nilimtupia binamu suti na shati na tai, nikabaki na vile viatu vyeusi vya ncha. Kilichochekewa kimetolewa. Akaenda kuomba mke amevaa suti ya buluu na yeboyebo za kijani za baba, zile za kwenda bafuni. Nilikuwemo kwenye msafara, nilihakikisha nakaa mbele. Shemeji zake wapya waliziona akiwa bado getini. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, mmepita mtoni?" Nikasikia utamu mpaka kwenye meno. Mke wamempa, msiwe na wasiwasi. Lakini kwa wakwe zake anaitwa Yeboyebo, na ataitwa hivyo mpaka wajukuu.

Jumatatu nilivipeleka viatu vya ncha kwa bosi wangu. Tukabadilishana: nikachagua mezani kwake viatu vya kike vya kufunika mguu, thelathini na tisa, vipana, soli nene, ngozi ngumu ya kukataa kisiki. Nilivisugua kuliko nilivyowahi kusugua chochote. Nikamtuma dereva wa Kasekese ampe shangazi mkononi, siyo kwa mwanaye. Dereva alisema amepokea. Nikamuuliza, amesema nini? Amesema asante. Tu? Tu. Alivijaribu? Hakuvijaribu nikiwepo.

Dereva huyohuyo aliniletea vilivyobaki kwa binamu, nikapanga begi upya. Koti la mvua lilirudi lina harufu ya petroli, na kijiko hakikurudi. Nilipovaa buti ndipo nilipojua. Mguu uliingia haukutulia. Zimepanuka. Kwa upande wa kidole gumba kuna uvimbe umejichonga kwenye ngozi, uvimbe wa mguu wa shangazi, na ndani soli imebonyea pale anapokanyagia yeye, kwa kisigino, kama mtu anayebeba mzigo kichwani. Najua kusoma viatu, ndiyo kazi yangu, na hizi zilikuwa zimeshaandikwa. Niliweka soksi mbili, mguu ukawa bado unatembea ndani. Nikaweka tatu.

Kigoma, dada kiongozi alitupanga mstari, akafungua mabegi yetu mmoja mmoja, akapima kwa mkono. Langu akalisifia. Kisha akachuchumaa, akabonyeza ncha ya buti yangu kwa kidole.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Mbona kubwa? Umeazima?"

"Ni zangu," nikasema tena, na nikakaza kamba, kwa sababu wenzangu walikuwa wameshabeba mabegi na gari la kwenda mpakani lilikuwa linapiga honi.